Maswali ya Wasomaji: Zamu Zisizotabirika na Ruzuku ya Familia Uingereza

Barua nne za safari hii zimetoka kwa wasomaji wanaoishi Uingereza, na ingawa kila mmoja ana kazi yake na nyumba yake, wote wanasumbuliwa na jambo moja: saa za kazi zinapopanda na kushuka, fedha za Universal Credit nazo hupanda na kushuka, na mara nyingi hushuka wakati ambao mtu hakuutarajia. Kwa asiyeifahamu, Universal Credit ndiyo ruzuku ya kila mwezi ya familia zenye kipato kidogo, zikiwemo zile ambazo wazazi wote wawili wanafanya kazi. Ilianza kutolewa mwaka 2013 na ikachukua nafasi ya ruzuku sita za zamani. Viwango nitakavyovitaja ni vya mwaka wa fedha ulioanza Aprili 2025.

Swali

Ndugu Mshauri, salamu nyingi. Mimi ni mama wa watoto wawili, mmoja ana miaka tisa na mwingine minne. Ninafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee kwa mkataba usioniahidi hata saa moja. Wiki moja napewa zamu nne, wiki nyingine mbili, na mara nyingi napata ujumbe usiku wa kuamkia siku ya kazi. Nalipwa kila Ijumaa, wastani wa pauni 170. Mume wangu yuko kwenye ghala la mizigo na analipwa pauni 1,300 kila baada ya wiki nne. Tumezoea kupata pauni 1,246 za Universal Credit, lakini kwa kipindi cha tarehe 9 Oktoba hadi 8 Novemba tulipewa pauni 394 tu, wakati kodi ya nyumba peke yake ni pauni 850. Mwezi huo nilikuwa nimekubali zamu mbili za nyongeza. Mume wangu anasema tumeadhibiwa kwa ajili ya zamu hizo na kwamba nisizikubali tena. Je, anasema kweli?

Jibu

Mama, mumeo ameona moshi mahali pa kweli lakini moto hauko pale anapoonyesha. Zamu zako mbili zimehusika kwa sehemu ndogo sana, na nitakuonyesha kwa hesabu zako mwenyewe.

Kanuni ya kwanza ya Universal Credit ni kwamba haihesabu saa ulizofanya kazi, wala haijali malipo ni ya wiki gani. Inaangalia siku ambayo mshahara umelipwa, kama mwajiri alivyoiripoti kwa mamlaka ya kodi, kisha inauweka katika kipindi cha tathmini, yaani mwezi mmoja wa kupima mapato yenu, kilichoangukiwa na siku hiyo. Kipindi chenu huanza tarehe 9 na kufungwa tarehe 8 ya mwezi unaofuata, na tarehe hiyo ilipangwa na siku mliyoomba ruzuku kwa mara ya kwanza. Mshahara unaoingia tarehe 8 unahesabiwa katika kipindi kinachofungwa siku hiyo. Ukiingia tarehe 9 unahesabiwa mwezi mzima baadaye, hata kama kazi ni ileile.

Sasa tazama kalenda. Kati ya tarehe 9 Oktoba na 8 Novemba, Ijumaa zilikuwa tano badala ya nne. Na mume wako, anayelipwa kila baada ya siku 28, alilipwa tarehe 10 Oktoba na tena tarehe 7 Novemba, siku moja tu kabla ya kipindi kufungwa. Kwa macho ya mfumo, mwezi huo yeye alipata pauni 2,600. Anayelipwa kila wiki nne hupokea mishahara 13 kwa mwaka, wakati vipindi vya tathmini ni 12, kwa hiyo lazima kipindi kimoja kila mwaka kibebe mishahara miwili. Anayelipwa kila wiki, kama wewe, huwa na vipindi vinne hivi kwa mwaka vyenye malipo matano. Kwenu mambo hayo mawili yamekutana mwezi mmoja.

Tuje kwenye fedha. Kiwango chenu cha juu, kabla ya kukatwa chochote, ni pauni 2,109.91: pauni 628.10 za wanandoa waliozidi miaka 25, pauni 339 za mtoto wa kwanza aliyezaliwa kabla ya tarehe 6 Aprili 2017, pauni 292.81 za mtoto wa pili, na pauni 850 za kodi ya nyumba, nikichukulia kwamba kodi yote inakubaliwa. Kwa kuwa mna watoto na mnasaidiwa kodi ya nyumba, pauni 411 za kwanza za mishahara yenu haziguswi. Kila pauni inayozidi hapo inapunguza ruzuku kwa peni 55. Kiwango hicho kilikuwa peni 63 hadi Novemba 2021.

Mwezi wa kawaida mnaingiza pauni 1,980. Ukitoa 411 zinabaki 1,569, na asilimia 55 yake ni pauni 862.95. Ndiyo maana mnabakiwa na pauni 1,246.96. Mwezi ule mliingiza 2,600 za mume wako na, kwa hesabu za hati zako za mshahara, 930 zako wewe, jumla pauni 3,530. Makato yakawa pauni 1,715.45, na ruzuku ikabaki pauni 394.46.

Tofauti ni pauni 852.50, na inagawanyika hivi: mshahara wa pili wa mume wako umeondoa pauni 715, Ijumaa ya tano imeondoa pauni 93.50, na zamu zako mbili, zilizokuongezea pauni 80, zimeondoa pauni 44. Nadhani ni vyema usome mstari huu mbele ya mume wako, kwa upole.

Kuna jambo jingine ambalo watu wengi hawalioni, na kwangu ndilo kubwa kuliko yote katika barua yako: mwaka mzima ukihesabiwa, hamkupoteza chochote. Madhali kiwango cha makato ni kilekile, peni 55 kwa kila pauni, haijalishi mshahara umeangukia kipindi hiki au kijacho. Kilichokatwa zaidi hapa kingekatwa kule. Hasara ya kweli hutokea pembeni tu. Pembe ya chini ni mwezi ambao familia haina mshahara kabisa, kwa sababu zile pauni 411 zisizoguswa hazihamishwi kwenda mwezi mwingine, zinapotea. Pembe ya juu ni mwezi ambao mishahara ni mikubwa kiasi cha kuifuta ruzuku yote; kwenu hilo lingetokea kama mngevuka takriban pauni 4,247. Ninyi mlikuwa katikati. Mwezi huo mlikuwa na jumla ya pauni 3,924 mkononi, ambazo ni karibu pauni 700 zaidi ya mwezi wa kawaida.

Najua hilo halikulipi kodi ya nyumba. Tatizo ni kwamba fedha na makato yake haviji pamoja. Mshahara uliingia tarehe 7 Novemba, ukaonekana kama mshahara wa kawaida, ukatumika kama mshahara wa kawaida. Ruzuku iliyopunguzwa kwa ajili yake ikaja wiki moja baada ya kipindi kufungwa, yaani katikati ya Novemba, wakati ule mshahara umeshakwenda. Kwa hiyo chukueni kalenda ya mwaka mzima, mchore mstari kila tarehe 8, kisha mtie alama kila siku ya malipo ya mume wako. Mtakiona kipindi chenye alama mbili miezi kadhaa kabla hakijafika. Mshahara wa pili wa kipindi hicho ukiingia, pauni 715 kati ya 1,300 ziwekeni kando siku hiyohiyo, kwa sababu hizo zimekuja kujaza pengo la ruzuku. Mwenye nyumba akielezwa mapema, na kalenda akaonyeshwa, mara nyingi huelewa kuliko akipigiwa simu siku ya kodi.

Kuhusu kukataa zamu, sikubaliani na mume wako, ingawa namwelewa. Kwa kima cha chini cha mshahara, ambacho kwa mwaka ulioanza Aprili 2025 kilikuwa pauni 12.21 kwa saa, zamu ya saa nane hukupa pauni 97.68. Ikiwa hujafikia kiwango cha kukatwa kodi ya mapato wala bima ya taifa, unabakiwa na asilimia 45, yaani karibu pauni 44. Ni pauni tano na nusu kwa saa. Kama unapanda basi mara mbili na unamlipa mtu kukaa na watoto, faida inaweza kuwa ya kuchekesha, na una haki ya kuikataa zamu ya namna hiyo. Lakini amua kwa nauli na uchovu wako, usiamue kwa kuogopa kwamba ruzuku inakuadhibu. Kumbuka pia kwamba mapato yenu ya pamoja yakishuka chini ya pauni 1,534 kwa mwezi, mnaweza kuitwa na kutakiwa kutafuta saa zaidi, kwa hiyo kukataa kazi kiholela kunaweza kukuletea mikutano usiyoihitaji.

Mambo mawili madogo kabla sijakuacha. Siku chache kabla ya malipo, taarifa ya hesabu huwekwa kwenye akaunti yenu ya mtandaoni. Ilinganisheni na hati za mshahara, pauni kwa pauni, kwa sababu mwajiri akichelewa kuripoti au akikosea tarehe, kosa lake linakuwa njaa yenu. Mkiona tofauti, andikeni kwenye shajara ya akaunti, yaani sehemu ya kuandikiana ujumbe na ofisi, na mbandike picha za hati, na kama hamkuridhika na jibu, ombeni uamuzi utazamwe upya ndani ya mwezi mmoja. La pili ni pensheni: mchango wako wa pensheni ya kazini huondolewa wote kwenye mapato kabla ya makato ya peni 55. Anayechangia pauni 20 hapotezi pauni 20 nzima, bali pauni tisa tu, na zote 20 zinabaki zake za uzeeni.

Swali

Mshauri, mimi ni mama ninayelea watoto wawili peke yangu. Nalipwa kwa mwezi, tarehe 28, na kipindi changu cha tathmini huanza tarehe 28 pia. Mwezi Juni 2025 tarehe 28 iliangukia Jumamosi, hivyo mwajiri akatulipa Ijumaa. Nikapata ruzuku kidogo mno, kisha mwezi uliofuata nikapata nyingi, kana kwamba sifanyi kazi kabisa. Rafiki yangu ananiambia mwishowe ni sawasawa. Ni sawa?

Jibu

Dada, rafiki yako angekuwa sahihi kama angekuwa anazungumza na mama wa barua iliyotangulia. Kwako wewe si sawa, na unadai.

Mshahara wako wa Mei ulilipwa tarehe 28 Mei na ule wa Juni ukalipwa tarehe 27 Juni. Yote miwili imeangukia kipindi cha 28 Mei hadi 27 Juni. Kipindi kilichofuata, 28 Juni hadi 27 Julai, hakikupata mshahara hata mmoja, kwa kuwa ule wa Julai ulilipwa tarehe 28. Nikichukulia kwamba nawe unasaidiwa kodi ya nyumba, mwezi wenye mishahara miwili ulitumia pauni 411 zisizoguswa mara moja tu, na mwezi mtupu haukuwa na mapato ya kuzitumia. Asilimia 55 ya 411 ni pauni 226.05, na hizo ndizo ulizopoteza kwa sababu tu tarehe 28 iliangukia Jumamosi. Tarehe hiyo huangukia mwisho wa wiki zaidi ya mara moja kwa mwaka, kwa hiyo fanya hesabu ya miaka mitatu ujionee.

Habari njema ni kwamba njia hii imeshasafishwa na wengine. Akina mama wanne, kila mmoja akilea peke yake na kulipwa kwa mwezi kama wewe, walilipeleka jambo hili mahakamani, na Juni 2020 Mahakama ya Rufaa ikakubaliana nao kwamba kushindwa kuwawekea kanuni watu wa aina yao hakukuwa na mantiki ya kisheria. Kanuni zikabadilishwa kuanzia tarehe 16 Novemba 2020. Tangu hapo, anayelipwa kwa mwezi akiangukiwa na mishahara miwili katika kipindi kimoja, mmoja unaweza kuhamishiwa kipindi kingine, ili kila kipindi kibaki na mshahara wake.

Marekebisho hayo hayafanyiki kila mara yenyewe, kwa hiyo usikae ukingoja. Andika kwenye shajara yako maneno machache yaliyo wazi: kwamba unalipwa kila mwezi wa kalenda, kwamba siku yako ya malipo ya mkataba ni tarehe 28, kwamba mishahara miwili imehesabiwa katika kipindi kimoja, na kwamba unaomba mmoja uhamishwe. Bandika hati zote mbili. Eleza pia kuwa unaomba uamuzi uangaliwe upya, ili ombi lako lisichukuliwe kama malalamiko tu. Kama mwezi mmoja tangu uamuzi umeshapita, bado unaweza kuomba, lakini utatakiwa kueleza sababu ya kuchelewa.

Wasomaji wanaolipwa kila wiki, kila wiki mbili au kila wiki nne wasijipe matumaini kwa jibu hili, kwa sababu mlango huo ni wa wanaolipwa kwa mwezi pekee. Mama mmoja aliyekuwa akilipwa kila wiki nne alijaribu njia nyingine. Alikuwa akifanya kazi saa 16 kwa wiki, ambazo zingetosha kumwepusha na ukomo wa jumla ya ruzuku ambazo familia moja inaweza kupokea, lakini kipimo cha ukomo huo ni mapato ya mwezi mzima, ambayo kwa viwango vya Aprili 2025 ni pauni 846, na mshahara wa wiki nne wa kima cha chini haufiki hapo hata kama saa zako zinatosha. Alishinda mahakama ya kwanza, kisha mwaka 2021 Mahakama ya Rufaa ikaubatilisha ushindi huo. Binafsi naona mahakama ya kwanza iliyaona maisha ya watu kwa karibu zaidi, lakini sheria inayotumika ni ile ya mwisho.

Na wewe dada, uwe mwangalifu na dawa. Kwa England, mwenye mtoto katika ruzuku yake hupata dawa alizoandikiwa na daktari bila malipo ikiwa mapato yake katika kipindi cha mwisho cha tathmini hayakuzidi pauni 935. Mwezi wako wenye mishahara miwili unaweza kukuvusha kiwango hicho bila wewe kujua, na anayetia saini kwenye karatasi ya dawa akidai msamaha asiostahili anaweza kutozwa faini ya hadi pauni 100 juu ya bei ya dawa. Tazama taarifa ya kipindi chako kabla ya kutia saini.

Swali

Mimi ni baba wa mtoto mmoja wa mwaka mmoja, mke wangu yuko nyumbani naye. Ninasafirisha chakula kwa gari langu kama mtu niliyejiajiri, sasa ni mwaka wa pili. Januari ilikuwa mbaya, nilibaki na pauni 700 tu baada ya gharama, lakini ruzuku ilihesabiwa kana kwamba nimepata zaidi ya pauni 1,600. Hizo fedha zimetoka wapi?

Jibu

Ndugu yangu, hazijatoka popote, na ndiyo ugumu wake. Aliyejiajiri huachwa miezi 12 ya kujijenga, na muda huo ukiisha huwekewa sakafu ya kipato: akipata chini yake, anahesabiwa kana kwamba amefika hapo. Sakafu yako ni saa 35 kwa wiki mara pauni 12.21, ikipunguzwa kodi na bima ya kukadiria, na hilo huiweka juu kidogo ya pauni 1,600 kwa mwezi. Kwa Januari yako, sakafu hiyo imekugharimu karibu pauni 500.

Ubaya zaidi ni kwamba hakuna wastani. Ukipata pauni 2,300 Desemba na 700 Januari, Desemba itahesabiwa kama ilivyo na Januari itahesabiwa kwa sakafu; unakatwa kwa mwezi mzuri na hufidiwi kwa mwezi mbaya. Aliyeajiriwa, hata kwa mkataba usio na saa, hana sakafu hii, na nadhani wengi wanaoingia kazi za kusafirisha vyakula na abiria wangefikiri mara mbili kama wangelijua hilo mwanzoni.

Unaloweza kufanya ni haya. Hakikisha gharama zako zote zimeingia, hasa za gari: unaruhusiwa kuondoa peni 45 kwa kila maili ya kazi hadi maili 833 kwa mwezi, na peni 25 kwa zinazozidi. Hilo halisaidii mwezi ambao uko chini ya sakafu, lakini linasaidia sana Desemba. Gharama nyingine kubwa unazoweza kuchagua wakati wa kuzilipa, usizilipe Januari; zilipe katika kipindi ambacho umevuka sakafu. Na kwa kuwa sakafu huangalia nani ni mlezi mkuu wa mtoto, zungumzeni nyumbani. Sakafu haiwekwi kwa mlezi mkuu wa mtoto aliye chini ya miaka mitatu. Kama kwa hakika wewe ndiye unayeshinda na mtoto na mke wako ndiye anayetaka kwenda kazini, mnaruhusiwa kubadilisha jina la mlezi mkuu. Msifanye hivyo kwa karatasi tu, kwa maana mtaulizwa.

Swali

Shikamoo Mshauri. Nina mimba ya wiki 20 na ninafanya usafi hotelini kwa saa zinazobadilika. Dada mkuu wa zamu ananishauri nipunguze saa kuanzia sasa nipumzike. Mume wangu naye anafanya kazi, na tunapokea Universal Credit. Kuna hasara yoyote? Na binamu yangu, aliyekuja kwa viza ya kazi yenye sharti la kutogusa fedha za umma, akijifungua anaweza kudai nini?

Jibu

Marahaba, mwanangu. Pumziko ni jambo la daktari na mkunga, na wakikuambia upumzike, pumzika. Lakini kwa upande wa fedha, wiki hizi ulizomo ndizo ambazo hupaswi kupunguza saa bila sababu.

Malipo ya uzazi yanayotolewa na mwajiri hupimwa kwa wastani wa mshahara wako katika kipindi cha takriban wiki nane kinachoishia na wiki ya 15 kabla ya wiki unayotarajia kujifungua. Wiki hiyo ya 15 huangukia karibu na wiki ya 25 ya mimba, kwa hiyo dirisha lako limeshafunguka. Wastani ukiwa chini ya pauni 125 kwa wiki, mwajiri halazimiki kukulipa kabisa. Ukivuka hapo, na kama umekuwa naye wiki zisizopungua 26 mfululizo hadi wiki hiyo ya 15, utalipwa asilimia 90 ya wastani huo kwa wiki sita za kwanza, kisha pauni 187.18 kwa wiki, au asilimia 90 ikiwa ndiyo ndogo, kwa wiki 33. Wastani wako ukiwa pauni 320 badala ya 220, wiki sita za kwanza pekee zitakupa pauni 540 zaidi. Kama mwili umechoka, chukua likizo yenye malipo badala ya kuacha zamu, kwa maana malipo ya likizo nayo huingia katika wastani.

Ukiikosa stahili hiyo, mwajiri anapaswa kukupa fomu ya SMP1, na unaweza kuomba posho ya uzazi ya serikali, ambayo huangalia wiki 66 na kuchagua 13 zilizokuwa nzuri zaidi. Ni msaada wa kweli, lakini ndani ya Universal Credit mambo haya mawili hayafanani hata kidogo. Malipo ya mwajiri huchukuliwa kama mshahara, yaani hukatwa peni 55 kwa kila pauni. Posho ya serikali hukatwa pauni kwa pauni. Kiasi kilekile cha pauni 187.18 kwa wiki, ambacho ni kama pauni 811 kwa mwezi, kikitoka kwa mwajiri kingepunguza ruzuku yenu kwa pauni 446, kwa kuwa mshahara wa mume wako umeshazitumia pauni 411 zisizoguswa. Kikitoka serikalini kinaipunguza kwa pauni 811 zote. Tofauti ni takriban pauni 365 kila mwezi, na inaamuliwa na hati za mshahara za wiki hizi chache.

Umeniuliza pia, katika mstari wa mwisho wa barua yako, kuhusu binamu yako aliyekuja kwa viza ya kazi yenye sharti la kutogusa fedha za umma. Yeye asiombe Universal Credit wala posho ya mtoto, kwa sababu itahesabiwa kuwa amevunja sharti la viza. Malipo ya uzazi ya mwajiri, hata hivyo, hayamo katika fedha za umma, wala ile posho ya uzazi ya serikali haimo. Akijifungua anaweza kudai mojawapo kwa kanuni zilezile nilizokueleza, na mwajiri akimwambia kwamba viza yake inamzuia, amwombe aliandike jibu hilo kwenye fomu ya SMP1, kisha alipeleke kwa mshauri wa sheria.